Uzito Usiotulia

Msomi, kijana aliyesimamia kiwanda cha barafu, alitolewa kwenye tangi la kiwanda hicho Jumanne asubuhi, amekakamaa, magoti yamekunjwa, ngumi zote mbili zimefumbwa. Daktari wa hospitali alimgonga kifuani kwa kidole, akasema hawezi kumpasua mpaka alainike, polisi warudi Ijumaa. Wakati wakingoja alainike, kituo kilishampata muuaji wake. Alikuwa mlinzi wa kiwanda, mzee mwembamba mwenye koti lisilo na vifungo, na Alhamisi mchana alitakiwa kupandishwa kizimbani kwa kesi ya mauaji. Kesi ya namna hiyo haina dhamana. Mzee wa umri ule akiingia gerezani kungoja hukumu, anangoja kufa.

Jalada lilikuwa mikononi mwa mpelelezi mmoja mwanamke ambaye wezi walimbandika jina la Koleo, kwa sababu akishabana haachii. Jina lilimpendeza, akalichukua. Alhamisi asubuhi alimkuta mke wa mlinzi ameketi kwenye ngazi za kituo, amepakata hotpoti la chakula lililofungwa kwa kitambaa, pale pale alipoketi jana na juzi.

"Mama, nisaidie kimfikie hata kidogo," mke wa mlinzi alisema. "Jana walikipokea vizuri, halafu nikawaona wanakila wao."

"Leo usiwape. Kaa nacho," Koleo alimjibu, akapita.

Ndani, Sajini alikuwa akichokonoa meno. Ndiye aliyemhoji mlinzi, na Sajini akihoji mtu, majirani wa kituo hufunga madirisha.

"Afande, kesi imeiva," alisema. "Kisanduku cha kiwandani kimesema, na mwenyewe amejisema."

"Amejisemaje?"

"Kasema Jumatatu jioni alisikia kitu kinagonga kule tangini, akadhani ni pampu. Sasa kama hakuwepo, alisikiaje?"

"Mlinzi asipokuwepo kwenye lindo lake awe wapi, Sajini? Kwa mama yako?"

Sajini alicheka peke yake. Kisha akamkabidhi karatasi iliyochapwa mistari mingi ya herufi ndogo, ushahidi wenyewe ule, ambao mkuu wa kituo alishausifu mara mbili bila kuusoma. Koleo aliusoma akiwa amesimama. Alipofika katikati alirudi juu, akasoma tena, akauliza ufunguo wa gari uko wapi.

*

Kiwanda kilikuwa kimefungwa kwa utepe wa polisi tangu maiti ipatikane, na hakuna aliyegusa kitu. Chumba cha tangi kilikuwa kirefu, sakafu imelowa, dari inadondosha matone. Tangi lenyewe lilikuwa bwawa la maji ya chumvi yenye baridi kali kuliko barafu, limefunikwa kwa mifuniko mizito ya mbao iliyopangwa safu kwa safu. Chini ya kila mfuniko waliteremsha makopo marefu ya bati yenye maji safi, yakagandia humo. Chini ya mfuniko wa pembeni, mahali ambapo makopo yalikuwa yametolewa, ndipo Msomi alipoteremshwa.

Chumba kile kilikuwa na milango miwili tu. Mmoja ulitazama ua wa nyuma na kibanda cha mlinzi. Wa pili ulitazama duka la mbele, na ulifungwa kwa kufuli upande wa duka. Kila mlango ulikuwa na mizani yake iliyofukiwa sakafuni, hivi kwamba huwezi kupitisha toroli bila kupima ulichobeba.

Kisanduku chenyewe kilitundikwa ukutani karibu na tangi. Kilikuwa kompyuta ndogo ya bodi moja, haizidi kiganja cha mtu mzima, ndani ya boksi la plastiki lenye taa moja ya kijani na kioo kidogo. Nyaya tatu ziliingia tumboni mwake. Aliyezifunga alikuwa fundi wa umeme mwenye bisibisi sikioni, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Waya, na Koleo alikuwa amemwagiza afike kabla yake.

"Nieleze kama unamweleza shangazi yako," Koleo alisema.

"Mizani zote mbili zinaongea, afande. Kila moja inatuma uzito kwenye waya, herufi moja nyuma ya nyingine, kama mtu anayesoma kwa sauti. Kisanduku kinasikiliza na kuhifadhi. Waya wa tatu ni sensa, yaani kihisi cha joto, imezamishwa kwenye maji ya chumvi."

"Ya nini?"

"Msomi ndiye aliyeitaka. Alichoka na watu kuinua mifuniko ovyo, maji yanapata joto, barafu inachelewa. Ukiinua, sensa inaona. Mwezi uliopita mpakiaji mmoja aliinua ili soda yake ipoe. Asubuhi Msomi akamwonyesha joto lilivyopanda, akamwonyesha na mlango."

Sajini aliguna kwa kuridhika. Alipenda sana mitambo inayosema watu.

"Basi tusikie," Koleo alisema, akaikunjua karatasi. "Jumatatu, kiwanda kimefungwa. Umeme unakatika. Unarudi. Mara mizani ya nyuma inapima kilo themanini na tatu na nusu. Halafu joto la tangi linapanda mara moja, linashuka, halipandi tena mpaka asubuhi. Ni hivyo?"

"Ndivyo. Msomi na toroli," Sajini alidakia. "Na mizani ya nyuma iko mlangoni pa mlinzi. Tufunge tukale."

Koleo alikwenda kwenye mizani ya nyuma, akavuta gunia la chumvi lililokuwa ukutani, akaliburuta juu ya bamba la chuma. Namba zilizokuwa zikiwaka kwenye mlingoti wa mizani zikaruka. Akaongeza bonge la chumvi lililopasuka, zikabaki pale pale. Akaongeza la pili na la tatu, zikaruka tena.

"Fundi, hii inahesabu vipi?"

"Kilo tano tano, afande. Ni mizani ya mizigo mikubwa. Ile ya mbele ndiyo ya wateja, inahesabu nusu kilo nusu kilo."

"Na nusu kilo ya Jumatatu ilitoka wapi?"

Fundi Waya aliitoa bisibisi sikioni akaitazama kana kwamba jibu liliandikwa huko.

"Kisanduku hakikosei," alisema hatimaye. "Wanaokosea ni watu."

"Vizuri sana. Sajini, piga picha za kila kitu kama kilivyo, nyaya zote, kila tundu. Halafu simama kwenye kioo."

Sajini alipiga picha huku akinung'unika. Alipomaliza, Koleo alivuka chumba hadi mlango wa duka, akasimama katikati ya mizani ya mbele na viatu vyake.

"Kinasema nini?"

"Kinasema..." Sajini aliinama, akafuta kioo kwa mkono wa shati. "Afande, kinasema mizani ya nyuma."

"Na uzito?"

Sajini alikohoa.

"Soma, au nije nikushike mkono?"

Akausoma. Fundi Waya akatazama dari kwa heshima.

"Huo ukitoka nje ya jengo hili," Koleo alisema, "utalinda mochwari mpaka ustaafu. Fundi, njoo hapa. Kwa nini kiwanda chote kinaniona mlangoni pa mlinzi na mimi niko mlangoni pa duka?"

Jasho lilikuwa limemtoka fundi, na chumba kilikuwa baridi. Alichomoa kebo mbili kutoka tumboni mwa kisanduku akazishika pamoja. Zilikuwa sawa, rangi ile ile, urefu ule ule, vichwa vile vile.

"Kebo nzuri huja na namba yake ndani, kompyuta ikaitambua popote ilipo," alisema kwa sauti ndogo. "Hizi ni za bei poa. Hazina namba. Kisanduku kikiwaka, kebo inayoamka kwanza kinaiita ya kwanza, inayofuata kinaiita ya pili. Mimi nilikiambia ya kwanza ni nyuma na ya pili ni mbele. Umeme ukikatika, ukarudi..."

"Zinaweza kuamka kinyume."

"Zinaweza. Sensa ya joto ni ya aina nyingine kabisa, hiyo haichanganyiki. Lakini hizi ni pacha, afande. Ilitakiwa nizitambulishe kwa tundu zinapochomekwa, hii ikae hapa, hii ikae hapa. Nilijua. Nilipanga kurudi."

"Chomeka ya mbele kwanza."

Alichomeka. Koleo akapanda tena, na kioo kikasema nyuma. Akazichomoa zote, akaanza na ile nyingine, na sasa kioo kikasema mbele. Walirudia mpaka Sajini mwenyewe akaacha kunung'unika. Uso wake ulikuwa umeanza kupauka, maana alikuwa akifikiria vidole vya mlinzi.

"Jumatatu ulikuwa wapi?" Koleo alimgeukia fundi ghafla. "Wewe ndiye ungeweza kuzigeuza makusudi."

"Wodi ya wazazi! Mke wangu alikuwa anajifungua, ndiyo maana sikurudi. Waulize."

Sajini alipiga simu hospitali, akasikiliza, akakata. "Kweli, alikuwa huko mpaka asubuhi. Wamepata mapacha. Wa kike wote."

"Hao uwafunge uzi mguuni," Koleo alimwambia fundi. "Usije ukatuletea kesi nyingine."

Koleo alikuwa bado amesimama kwenye mizani, akitazama kioo kwa mbali.

"Hilo neno kando ya uzito ni nini? Limeandikwa haujatulia."

"Mizani yenyewe inasema. Uzito ukitulia inatuma alama moja, ukitikisika inatuma nyingine. Mimi nikaitafsiri."

"Nimesimama kama nguzo."

"Unapumua, afande. Hii ya mbele ni nyepesi mno. Mtu aliye hai hatulii hapa hata ajitahidi. Weka gunia uone."

Wakaweka gunia la chumvi. Kabla Sajini hajanyoosha mgongo, kioo kilishaandika umetulia.

Koleo aliomba tena karatasi. Safari hii aliisoma polepole, kidole kikishuka mstari hadi mstari, na kidole kilipofika mwisho wa zile themanini na tatu na nusu kikakaa hapo. Chini kidogo palikuwa na mstari ambao Sajini aliuita takataka. Mizani ya mbele, kilo sitini kamili, mara moja, na baada ya kitambo sitini nyingine. Aliusoma huo pia. Kisha akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Pampu ya maji ya chumvi," alisema. "Umeme ukirudi inawaka yenyewe?"

"Hapana, afande. Kisanduku kinawaka chenyewe. Pampu inataka mtu abonyeze kitufe. Jumanne ilibonyezwa asubuhi, ndipo walipoanza kuinua mifuniko."

"Nenda kamwite Tajiri," Koleo alimwambia Sajini. "Mwambie tunataka kumpa pole."

*

Tajiri alikuwa baba mdogo wa Msomi. Kiwanda kilijengwa na kaka yake, baba wa Msomi, na kaka alipofariki Tajiri alikichukua pamoja na yatima aliyekuwa bado ananyonya kidole. Alishuka kutoka ofisini akiwa na shati jeupe na macho mekundu, leso mkononi. Koleo alimngoja mlangoni pa duka, ameegemea fremu.

"Pole na msiba, mzee."

"Nimeshapoa, binti yangu. Yule mshenzi anapelekwa leo?"

"Ndilo lililonileta. Kufuli la mlango huu lina funguo ngapi?"

"Mbili. Yangu na ya marehemu."

"Ya marehemu tulimkuta nayo mfukoni, imegandia suruali. Jumanne asubuhi kufuli lilikuwa limefungwa?"

"Limefungwa. Nimelifungua mwenyewe, wafanyakazi wote wameona."

"Mlinzi hajawahi kuwa na ufunguo?"

"Ufunguo wa duka? Yule?" Tajiri alicheka kwa pua. "Hata choo cha duka hajui kilipo."

"Sawa. Panda hapo kwenye mizani, mzee."

"Ya nini?"

"Panda tu. Mimi nimeshapanda, na nimeaibika kuliko utakavyoaibika wewe."

Tajiri alipanda. Fundi Waya, ambaye alikuwa amekwisha kurudisha kebo zote kama zilivyokuwa kwenye picha, alisoma kioo kwa sauti.

"Mizani ya nyuma."

Leso ilisimama hewani. Koleo alimweleza kwa maneno machache, kebo pacha, umeme uliokatika, nusu kilo isiyoweza kutoka kwenye mizani ya mlinzi. Alimweleza bila kupandisha sauti, huku akikagua kucha zake.

"Kwa hiyo toroli lilipita hapa ulipokanyaga, mzee. Lilitoka dukani kwa mlango wenye kufuli, na aliyelisukuma alirudi dukani, akafunga, akaondoka na ufunguo. Funguo mbili. Moja alikuwa nayo aliyekuwa kwenye toroli."

Tajiri alitazama mlango wa ua, ambako Sajini alikuwa amekwisha kusimama.

"Alitaka nini?" Koleo aliuliza.

"Sehemu ya baba yake." Sauti ilimtoka kavu. "Mtoto niliyemfuta kamasi kwa mkono huu. Kanijia jioni ile na kalamu, eti tugawane, upande wake ataweka mitambo, mimi nitafute pa kwenda. Nimpishe! Nikamsukuma. Wallahi kumsukuma tu, akaangukia ukingo wa kaunta kwa kisogo. Nikamwita, hakuitika. Nikamtikisa. Amekufa."

"Halafu?"

"Nikaogopa. Nikaficha maiti, hilo nakubali, binti yangu, niandikie hilo. Lakini kuua sikukusudia. Alikufa pale dukani, bahati mbaya."

"Tutaandika kama unavyosema." Koleo alitoa kalamu. "Ulimpakia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na mifuniko uliinua saa hiyo ukiwa na toroli?"

"Ningewezaje? Ni mizito. Toroli nililiacha hapa, nikaenda kuinua."

"Hapa kwenye mizani."

"Hapo hapo."

"Nani alilishika?"

"Alishike nani? Nilikuwa peke yangu."

"Halikuwa linabingirika? Halikusukumwa?"

"Limesimama, nakwambia. Lina breki."

"Kwa hiyo toroli limesimama, halishikwi na mtu, na juu yake pana maiti."

"Ndiyo."

"Fundi, lete lile toroli. Tia gunia la chumvi."

Fundi alileta, akafunga breki, akaachia. Kioo kikaandika umetulia. Koleo akatoa karatasi mfukoni, akamnyooshea Tajiri.

"Soma huo upande wa kulia."

"Sina miwani."

"Sajini, msomee."

Sajini aliichukua. "Themanini na tatu na nusu, haujatulia. Themanini na tatu na nusu, haujatulia. Themanini na tatu na nusu..." Alinyanyua macho. "Afande, yote ni hivyo hivyo."

"Endelea mpaka chini. Mzee ana haki ya kusikia ushahidi wote."

Sajini akaendelea. Sauti yake ilizidi kushuka, na kila alipofika kwenye lile neno alilisema kwa haraka kama anayetaka kuliruka. Fundi Waya aliziba uso kwa viganja.

"Gunia lilitulia mara moja," Koleo alisema. "Msomi hakutulia hata mstari mmoja. Alikuwa anapumua, mzee. Ulipokuwa unahangaika na mifuniko, mwanao alikuwa amelala hapa anapumua, na mashine ya bei poa ilikuwa inakwambia, na wewe ulimpa mgongo."

"Hakuitika," Tajiri alisema. "Nilimwita."

"Uliita mara ngapi?"

"Nilimwita..."

"Jumanne wafanyakazi walikuta matofali mawili ya barafu yamewekwa juu ya ule mfuniko. Nani aliyaweka?"

Tajiri alikaa chini, pale pale juu ya bamba la chuma, shati jeupe likanywa maji ya sakafu. "Ili usielee," alinong'ona.

"Mfuniko uliokusumbua kuuinua, uelee? Barafu uliiweka kwa sababu ulimsikia. Alizinduka kwa ile baridi, akaanza kugonga, na wewe ukaongeza uzito."

Hakukataa. Alianza kulia kwa sauti nyembamba ya mtoto, na kwenye kioo namba zake zilikuwa zikiruka juu na chini. Koleo alimwacha alie. Alimalizia kuandika alichokuwa anaandika, akapuliza wino ukauke, akamwambia Sajini amfunge pingu akiwa hapo hapo amekaa.

*

Mchana mlinzi alitolewa mahabusu badala ya kupelekwa mahakamani. Hakuna aliyemwomba radhi. Sajini alimletea koti lake, akalipangusa vumbi mwenyewe, akasema, "Mzee, haya ni mambo ya kazi tu," na mzee akamwitikia kwa kichwa kwa sababu alikuwa bado anamwogopa.

Kabla ya kuondoka alitakiwa kuweka dole gumba kwenye hati ya kuachiwa. Alinyoosha mkono wa kulia. Vidole vilikuwa vimevimba, viwili vimepinda upande usio wao, na dole gumba halikukunjuka.

"Weka cha kushoto," karani alisema bila kutazama.

Mkewe aliingia na hotpoti lake, akalifungua juu ya benchi la kituo mbele ya askari wote, akaanza kumlisha kwa mkono, tonge baada ya tonge. Alikuwa akitabasamu na machozi yakimtiririka. "Kula, mume wangu. Kula twende nyumbani." Alimshika Koleo upindo wa koti alipokuwa anapita. "Mungu akupe, mama. Mungu akupe."

Koleo alikuwa na haraka. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa ofisi yake mlinzi alipomwita.

"Mama. Kile kilichokuwa kinagonga."

Koleo hakuwa na desturi ya kuwadanganya watu ili walale vizuri. Safari hii neno lilimtoka kabla hajalipima.

"Ilikuwa pampu, mzee. Kama ulivyosema."

Mlinzi alitafuna, akameza.

"Pampu ilizimika umeme ulipokatika," alisema. "Haiwaki mpaka mtu aibonyeze. Naijua ile pampu kuliko ninavyomjua huyu mke wangu."

"Nenda nyumbani, mzee."

"Nilisema pampu kwa sababu Sajini alikuwa ameshika vidole vyangu. Lakini niliingia. Niliingia mpaka tangini."

Koleo alijua. Ule mstari wa kilo sitini ulikuwa bado mfukoni mwake, kwenda na kurudi kwa mlango wa ua, na alikuwa ameamua kwamba kesi haiuhitaji.

"Nikaweka mkono juu ya mfuniko," mlinzi aliendelea. "Kilikuwa kinagonga chini ya kiganja changu. Kidogo kidogo. Nikatoa tofali moja la barafu, nikaliweka chini."

Tonge lilisimama njiani. "Kwa nini hukufungua?" mkewe alimuuliza.

Mzee hakumtazama mkewe. Alimtazama Koleo, kwa sababu yeye angeelewa.

"Umeme ulikuwa umerudi. Nikatazama ukutani, nikaona taa ya kile kisanduku inawaka. Na Msomi mwenyewe alituambia, ukiinua mfuniko nitajua, na ukijulikana utafute kazi kwingine. Nikasema isije ikawa ananijaribu, kajificha mahali anangoja nikosee." Alilamba midomo. "Nikalirudisha lile tofali mahali pake."